Ibada ya Lalita (3): Siri Iliyochapishwa Vitabuni

Wiki jana tuliitazama Shri Chakra, mchoro wa pembetatu tisa zinazopitana na kuzaa pembetatu ndogo 43, zikiizunguka nukta anamoabudiwa Lalita Tripurasundari. Leo tugeukie sauti, kwa sababu kwa wafuasi wa Shrividya, mapokeo ya tantra yenye mizizi hasa kusini mwa India, mchoro bila mantra ni wino tu.

Mantra yenyewe ina silabi 15. Usitafute sentensi ndani yake: hamna kitenzi wala ombi. Silabi zimegawanywa mafungu matatu, la kwanza tano, la pili sita, la tatu nne, na kila fungu hufungwa kwa silabi ileile, hrim. Lalita Sahasranama, utenzi wa majina elfu ya mungu huyu wa kike, unasema fungu la kwanza ndilo uso wake, la pili ni kiwiliwili kutoka shingoni hadi kiunoni, la tatu ni kiunoni kwenda chini. Basi mantra si jina la kumwitia aliye mbali. Ni mwili wake wa sauti, na anayeitamka huamini kwamba yuko naye palepale.

Sasa siri iko wapi? Silabi hizo zimechapishwa. Saundaryalahari, shairi la kale linalonasibishwa na Shankara, linazificha katika ubeti wa 32 kwa kutaja Shiva, Shakti, ardhi, jua, mwezi na wengineo, kila jina likisimama badala ya silabi, na wafasiri walilifumbua fumbo hilo zamani. Unaweza kuzinakili jioni moja. Wenye mapokeo watakuambia umenakili herufi. Msomaji wa pwani atanielewa upesi: uradi wa tarika nao umo vitabuni, ila muridi huusoma kwa ijaza ya shehe wake, naye aliipata kwa wake. Diksha, yaani kuingizwa rasmi katika mapokeo, ni jambo la jinsi hiyo. Guru humnong'oneza mwanafunzi mantra sikioni, na silsila ya walimu hutajwa kwa heshima katika ibada. Wanaosema hizi ni hila za makuhani kulinda ulaji wao wanaona nusu tu, maana kinachokabidhiwa ni kazi, tena nzito.

Kwanza nyasa: mwabudu hugusa viungo vyake kimoja kimoja akiviwekea silabi, ili mwili wake ulingane na ule anaouabudu. Ndipo japa, kuirudia mantra kwa tasbihi ya punje 108, mara nyingi mkono ukiwa umefunikwa kitambaa. Kutamka kwa sauti ni daraja ya chini. Kuchezesha midomo bila kusikika ni bora. Kusoma moyoni ndiko kunakosifiwa kuliko kote. Anayetaka mantra iive hushika purashcharana: hutimiza idadi kubwa ya japa aliyoagizwa, kisha hutoa sadaka motoni kwa sehemu ya kumi ya idadi hiyo. (Habari za divai na nyama, zinazowasisimua sana waandishi wa Ulaya, ni za matawi fulani ya tantra yaitwayo Kaula. Wengi wa kusini hawazigusi.)

Wala maana haikutupwa. Yoginihridaya, andiko la msingi la mapokeo haya, linataja aina sita za maana ya mantra. Bhaskararaya, mwanachuoni wa karne ya 18 aliyeishi kando ya mto Kaveri, alizifikisha 15 katika Varivasyarahasya. Ni sawasawa na hesabu ya silabi, na sidhani ilikuwa bahati.

Karne hiyohiyo alizaliwa Muttuswami Dikshitar (1775–1835) wa Tiruvarur, mtunzi aliyepewa diksha ya Shrividya. Kwa Kamalamba, mungu wa kike katika hekalu kuu la mji huo, alitunga nyimbo tisa, mmoja kwa kila mzingo wa Shri Chakra na kila mmoja kwa raga (mahadhi) yake, akizipitia hali zote nane za nomino za Kisanskriti; wa tisa unazikusanya zote. Nyimbo hizo huimbwa hadharani wakati wa sikukuu ya Navaratri, na asiye na diksha huketi akasikia istilahi za ndani kabisa za ibada zikitajwa waziwazi, kwa sauti ya juu. Wiki ijayo tutaanza na ule wa kwanza, wa raga ya Anandabhairavi.