Hesabu Iliyosubiri Mashine Yake

Enzi za analojia, upepo ukiyumbisha antena, televisheni ilijaa chenga na sauti ikakwaruza, lakini mtangazaji bado alionekana. King'amuzi cha leo hakina chenga. Mawingu hutanda, mvua huanza, picha ikabaki safi vilevile. Kisha ghafla hukatika yote. Kabla ya kukatika, mawimbi yalikuwa yamekwisha kuharibika, na ndani ya kile kiboksi makosa yalikuwa yakisahihishwa kimyakimya. Picha ilipotea pale tu makosa yalipozidi uwezo wa msahihishaji.

Msingi wa kazi hiyo uliwekwa Marekani mwaka 1948. Claude Shannon wa Maabara za Bell alithibitisha kwamba kila njia ya mawasiliano, hata iwe na kelele kiasi gani, ina kikomo chake cha kasi. Ukituma chini ya kikomo hicho, unaweza kuyapunguza makosa kadiri unavyotaka, mradi uupange ujumbe kwa msimbo unaofaa. Alithibitisha kwamba misimbo hiyo ipo, ila hakueleza jinsi ya kuunda ile ambayo mashine ingeweza kuisoma kwa haraka.

Mwaka 1960, Robert Gallager aliandika tasnifu yake ya uzamivu katika chuo cha MIT na kuligusa jibu. Ujumbe wa kidijitali ni mfululizo wa sifuri na moja, zinazoitwa biti. Gallager aliongeza biti za ukaguzi, akaziweka biti zote katika vikundi vingi vidogo, kwa sharti kwamba katika kila kikundi idadi ya moja iwe shufwa. Mpokeaji akihesabu na kupata witiri, anajua kwamba kikundi hicho kimeingiliwa na kosa. Kwa kuwa kila biti imo katika vikundi kadhaa, kila kikundi kinaipa biti maoni yake: kwa kuwatazama wenzako, huenda wewe ni sifuri. Biti hukusanya maoni hayo, huyapima pamoja na kile kilichopokewa hewani, kisha huvirudishia vikundi jibu. Makosa yasipozidi uwezo wa msimbo, baada ya mizunguko kadhaa masharti yote hutimia na ujumbe husomeka.

Mashine za wakati ule hazikuimudu kazi hiyo, na wazo likawekwa kando kwa takriban miaka thelathini. Mwaka 1993 watafiti waliofanya kazi Ufaransa, Claude Berrou, Alain Glavieux na Punya Thitimajshima, walionyesha kwa misimbo ya namna nyingine kwamba kikomo cha Shannon kinaweza kukaribiwa. Muda si mrefu David MacKay na Radford Neal wakaifufua misimbo ya Gallager. Safari hii chipu zilikuwa tayari. Leo misimbo hiyo imo katika matangazo ya televisheni ya kidijitali ya DVB-T2 na DVB-S2, katika Wi-Fi, na katika data za simu za 5G.

Hata hivyo, chipu yenye nguvu peke yake isingetosha. Katika 5G, fungu moja la data linaweza kubeba hadi biti 8448 za ujumbe, na kasi inayolengwa hufika mabilioni ya biti kwa sekunde. Kukagua kikundi kimoja baada ya kingine kungechelewesha kila kitu, hivyo ni lazima mamia ya wakaguzi, yaani saketi ndogo ndani ya chipu, wafanye kazi kwa wakati mmoja. Hesabu ya kila mmoja ni nyepesi: kutafuta namba ndogo kuliko zote, kujumlisha, kulinganisha. Ugumu uko katika kupelekana data. Vikundi vikipangwa kiholela, wakaguzi wawili hugombea sehemu ileile ya kumbukumbu, mmoja akabaki kusubiri, na nyaya ndani ya chipu zikasongamana.

Suluhisho ni mpangilio wa mzunguko. Chukua watu waliokaa duara, kila mmoja na bahasha yake. Wakiambiwa wote wazipeleke bahasha nafasi saba kulia, kila mtu atapokea bahasha moja tu. Hapatakuwa na aliyepata mbili wala aliyekosa. Waongeze au wapunguze watu, amri ileile bado itafanya kazi. Msimbo wa 5G umejengwa hivyo. Upo katika majedwali mawili madogo, moja la safu 46 kwa nguzo 68 na jingine la 42 kwa 52. Kila chumba cha jedwali ama ni kitupu, ama kina namba inayosema data izungushwe nafasi ngapi. Duara lenyewe lina ukubwa wa aina 51, kuanzia 2 hadi 384.

Hapo ndipo unyumbufu unapopatikana. Simu iliyo karibu na mnara hutumia safu chache za jedwali, na nafasi kubwa ya hewa hubaki kwa ajili ya ujumbe. Simu iliyo mbali hupewa biti nyingi zaidi za ukaguzi. Na usomaji ukishindikana, huomba nyingine na kuziunganisha na zile ilizokwisha kupokea. Saketi ni ileile. Lakini chipu yenye wakaguzi 384 ikipewa duara dogo, wengi wao hukaa bure huku eneo la chipu likiwa limekwisha kulipiwa. Kwa hiyo wabunifu huwagawa wakaguzi washughulikie safu au mafungu kadhaa kwa pamoja, na huisimamisha kazi mara tu masharti yote yanapotimia, ili betri isiliwe bure.

Gallager alikuwa na hesabu sahihi, akakosa mashine. Waliotunga msimbo wa 5G waliketi na hesabu mkono mmoja na saketi mkono wa pili, na anayefaidika pia ni yule mwenye simu ya bei nafuu, mbali na mnara. Waraka wa msimbo huo, 3GPP TS 38.212, unapatikana bure kwenye intaneti, pamoja na namba za majedwali yake. Mwanafunzi wa uhandisi wa Dodoma au Eldoret anaweza kuusoma, akaandika saketi yake mwenyewe na kuipima. Hahitaji kusubiri miaka thelathini.