Agosti Iko Pap Onditi, Si Kisumu Tu

Unadhani Agosti ni ya kujifungia bedsitter na chai ya tangawizi? Panda matatu ya Ahero, pitia Katito, shuka Pap Onditi. Baridi ya Nyakach si ya Limuru, jameni. Asubuhi utataka sweta, saa sita utaivua.

Kubwa mwezi huu ni omena. Kila mwaka uvuvi wake hufungwa kuanzia Aprili hadi 31 Julai ili zizaane. Tarehe 1 Agosti taa zinarudi ziwani usiku, maana omena hufuata mwanga, na pesa ndogo ndogo zinaanza kuzunguka kutoka fuo kama Kusa hadi sokoni. Shule nazo zimefungwa. Ndiyo maana huu ndio msimu wa mpira: wachezaji wapo, na mia ya kuchanga inapatikana.

Shida ni usiku. Kwa miaka mingi huku ziwani vijana wamekutana kwa disko matanga. Serikali imeipiga marufuku mara kadhaa, na sibishi. Kuna wasichana wa shule waliotoka huko na mimba. Lakini ukizima spika, kijana wa miaka 17 aende wapi? Mpira wa kijijini huisha giza likiingia.

Basi ukija ushago, usilete stori za Nairobi pekee. Leta projekta, azima shuka nyeupe, onyesha filamu, saa tatu kila mtu kwao. “Pap” kwa Kijaluo ni uwanja, kwa hivyo nafasi haikosi. Beba pia betri, stima hupotea.