Chombo ni Chako, Mchezo ni wa Nani?

Katika vitu ambavyo vijana wetu wa Pwani huwaagiza jamaa zao walioko Dubai, Maskati au London, siku hizi kimeingia kingine: kompyuta ya michezo inayoshikwa kwa mikono miwili. Watu wazima wakiiona hudhani ni kidude cha watoto. La hasha! Hii ni kompyuta kamili, na anayeinunua huingia katika biashara mbili kwa mpigo: moja ya chombo, na ya pili ya michezo anayoitia ndani yake. Biashara ya kwanza ni wazi kama mchana. Ya pili ndiyo itakayo kutazamwa vizuri, kwani wengi hutoa fedha wakiamini wamenunua, kumbe walichokipata ni ruhusa tu.

Tuanze na chombo chenyewe. Kampuni ya GPD ya China ilitoa kompyuta ya namna hii mwaka 2016, lakini iliyovitia vitu hivi katika vinywa vya watu ni Steam Deck, ya kampuni ya Valve ya Marekani, iliyoanza kufikia wanunuzi Februari 2022. Mwaka 2023 wakafuata Asus kwa ROG Ally, na Lenovo kwa Legion Go. Steam Deck ya kwanza ilikuwa na kioo cha inchi 7 na uzito wa gramu 669, na bei yake ya chini ilikuwa dola 399. Mwanzo iliuzwa Marekani, Kanada, Uingereza na nchi za Jumuiya ya Ulaya, na ndiyo sababu ya wengi wetu kuitegemea mikono ya wasafiri.

Anayekitumia chombo hiki huona mema yake na taabu zake. Vijiti na vibonyezo viko pande mbili za kioo, na mtu aweza kucheza akiwa kwenye matatu au amejinyoosha barazani. Lakini betri haina huruma. Valve wenyewe walisema ile ya kwanza ingedumu baina ya saa 2 na saa 8, na mwenye kucheza michezo mizito hukaa karibu na zile saa mbili. Feni huvuma, mgongo wa chombo hupata moto. Kadhalika michezo ya leo ni mizigo mikubwa: Baldur's Gate 3, uliotoka mwaka 2023, wadai nafasi ya gigabaiti 150. Mwenye kununua intaneti kwa vifurushi na apige hesabu yake kabla, asije akamaliza matumizi ya nyumbani kwa mchezo mmoja.

Hata hivyo, kuna jambo la kusifiwa. Chombo hiki hakimfungi mwenyewe. Kinaendeshwa na mfumo wa jamii ya Linux, na mtu akipenda hutoka kwenye michezo akaingia katika kompyuta ya kawaida, akaunganisha kibao cha kuandikia na kioo kikubwa, akafanya kazi zake za shule au za duka. Kikiharibika hufunguliwa kwa bisibisi, na tangu mwaka 2022 vipuri vyake vimekuwa vikiuzwa na kampuni ya iFixit kwa mtu yeyote. Fundi hodari huweza kukishughulikia. Ukikinunua ni chako: utakiuza, utakitoa zawadi, utakiacha kwa wanao.

Je, na michezo?

Zamani mchezo ulikuja kwa kaseti. Game Boy ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1989, ilichomekwa kaseti nyuma, na kaseti ile ilikuwa mali kama kofia au kikombe. Ukimwazima jirani, ukibadilishana na mwenzio, ukiiuza, hapana aliyekuuliza. Katika Steam, duka la Valve ambalo Steam Deck imeundiwa, hapana kaseti. Unalipa, mchezo unateremka kwa intaneti, na jina lake linaandikwa katika akaunti yako. Mkataba unaoukubali kwa kubonyeza mara moja, aghalabu bila kuusoma, unasema wazi: programu hukuuziwa, umepewa leseni ya kuitumia. Akaunti huwezi kuiuza wala kumhamishia mtu mwingine.

Jambo hili si la nadharia tu. Kampuni ya Ubisoft ya Ufaransa ilitoa mchezo wa magari uitwao The Crew mwaka 2014. Mchezo huo haukuweza kwenda bila kuunganishwa na mitambo ya kampuni. Tarehe 31 Machi 2024 mitambo ikazimwa, na waliokuwa wameulipia wakabaki na jina tupu. Kutokana na hayo kukazuka kampeni ya kudai michezo isiuawe namna hiyo, iliyoanzishwa na Mmarekani Ross Scott, na kufikia Julai 2025 ombi lao kwa Jumuiya ya Ulaya lilikuwa limepata sahihi zaidi ya milioni 1. Nako California, sheria iliyotiwa sahihi Septemba 2024 na kuanza kutumika Januari 2025 ikakataza duka kutumia neno "nunua" kwa bidhaa za namna hii, isipokuwa limweleze mteja waziwazi kwamba anapewa leseni.

Msomaji, hapa ndipo sisi tuliokalia mikeka ya vyuoni tunapoisikia lugha tunayoijua. Fiqhi ilikwisha kutenga mambo haya zamani. Kuna bai, ambayo kwayo kitu chenyewe hutoka katika milki ya muuzaji kikaingia katika milki ya mnunuzi. Na kuna ijara, ambayo kwayo kitu hubaki kwa mwenyewe, na mkodishaji hupewa manfaa yake tu. Lakini ijara ina sharti: ujira ujulikane, na muda au kazi ijulikane. Nyumba hukodiwa kwa mwezi au kwa mwaka, haikodiwi "mpaka mwenyewe atakapochoka." Na Mtume (S.A.W.) alikataza uuzaji wa gharari, yaani wenye utatanishi. Wanavyuoni huutolea mfano wa kumuuzia mtu samaki angali baharini.

Basi leseni hii tuiweke wapi? Si bai, maana kitu hakikutoka kwa mwenyewe. Ukisema ni ijara, muda wake ni upi? Mimi si mufti, na hukumu nawaachia masheikh. Ninalolisema ni kwamba swali lipo, na linastahili kuulizwa misikitini na madrasani, kwa sababu fedha zinazotolewa ni za halali, zimetokwa jasho.

Na uzito wake huonekana zaidi mtu anapofariki. Tuseme kijana amenunua michezo kwa miaka kumi, huu leo, ule kesho, mpaka jumla ikapita bei ya chombo chenyewe. Akiondoka duniani, Steam Deck yake itaingia katika mirathi, na ikizuka kesi Kadhi ataweza kuihesabu pamoja na baiskeli na kitanda. Michezo je? Kwa mkataba ule, akaunti haihamishiki. Mali iliyoonekana kubwa wakati wa uhai haina mrithi. Wahenga hawakukosea waliposema cha kuazima hakisitiri maungo.

Hayo hayana maana kwamba vijana wavitupe vyombo vyao. Maana yake ni kwamba wanunue kwa macho mawili. Kwanza, watumie khiyari waliyopewa: Steam hukubali kurudisha fedha ndani ya siku 14, madhali mchezo haujachezwa kufikia saa 2. Wengi hawalijui hilo. Pili, wajue kwamba maduka si mamoja. GOG, duka la huko Poland lililoanza mwaka 2008, humruhusu mteja kuteremsha faili za kusimika mchezo na kuziweka mwenyewe, na baadaye zikafanya kazi bila kumuuliza mtu. Hata sheria ya California hailibani duka kwa bidhaa ya namna hiyo, maana mteja ameshika kitu mkononi. Steam Deck yenyewe haikatai mchezo uliotoka duka jingine, ingawa kazi ya kuutia ni kubwa kidogo. Tatu, wenye watoto watumie mpango wa familia ambao Steam iliufungua rasmi mwaka 2024, unaowawezesha watu mpaka 6 wa nyumba moja kushirikiana michezo yao, badala ya kila mmoja kulipia wake. Nne, kila mchezo unaolipiwa na uandikwe daftarini pamoja na bei yake, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Mtu akiijumlisha hesabu ile kila mwisho wa mwezi, atajua mwenyewe kama anacheza au anachezewa.

Namalizia kwa ubeti mmoja, kwa wale ambao nathari huwapita na nudhumu ikawabakia:

Chombo shika mkononi, hicho kwa yakini chako,
Mchezo ulio ndani, usiseme ndio wako,
Mkataba ubaini, ndipo utoe mfuko,
Cha watu si cha nyumbani, hakina kwako mashiko.