Dirisha la Tk ndani ya programu ya C

Programu ya C hukimbia kwa sababu kompaila imekwisha kuigeuza kuwa lugha ya mashine kabla mtumiaji hajaigusa. Lakini ukitaka ichore dirisha lenye vitufe kwa C peke yake, utaandika msimbo mrefu mno. Kwa Tk, mistari miwili inatosha:

button .b -text "Piga hesabu" -command hesabu
pack .b

Wa kwanza unaunda kitufe, wa pili unakiweka dirishani. Tk ni kazi ya John Ousterhout, aliyeijenga juu ya lugha yake ya skripti, Tcl, aliyoianza mwaka 1988 katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu mwanzo alikusudia Tcl iwe maktaba ya C, ya kupachikwa ndani ya programu za watu wengine, na hapo ndipo ubora wake ulipo.

Programu yako huita Tcl_CreateInterp, ikapata mkalimani wa Tcl ndani ya kumbukumbu yake yenyewe. Tcl_Init na Tk_Init humwandaa, kisha Tcl_Eval humpelekea amri kama zile mbili, zikiwa maandishi matupu. Na hesabu je? Hiyo ni funksheni ya C, iliyosajiliwa kwa jina hilo kupitia Tcl_CreateObjCommand. Mtu akibofya, Tk hulitaja jina, na C hufanya kazi kwa kasi yake yote. Tk_MainLoop husubiri mibofyo mpaka dirisha la mwisho lifungwe. Moduli ya tkinter ya Python nayo hupita humo humo: chini yake yumo mkalimani wa Tcl.

Maandishi hayo matupu ndiyo yenye hatari. Tuseme programu inauliza jina, inalibandika ndani ya amri ya kuonyesha salamu, kisha inaikabidhi Tcl_Eval. Asha atakaribishwa vizuri. Mwingine akiandika neno exit ndani ya mabano ya mraba, Tcl haioni jina tena bali amri. Inaitekeleza, na programu nzima inazimika papo hapo. Kwa njia hiyo hiyo mtu anaweza kufuta mafaili. Tcl_EvalObjv huziba mwanya huu: hupokea kila neno la amri peke yake, bila kuchambua kilichomo, na jina hubaki jina hata likiwa na mabano.

Jambo jingine: mkalimani ni wa uzi (thread) uliomuumba. Hesabu nzito ipeleke kwenye uzi mwingine ili dirisha lisigande, lakini uzi huo usimguse mkalimani. Matokeo yake yapitie foleni ya matukio.

Kwa hiyo, mtunzi wa programu, Tcl_Eval iachie maandishi uliyoyaandika wewe mwenyewe. Kila kinachotoka kwenye kibodi ya mtumiaji kipitishe kwa Tcl_EvalObjv, tangu siku ya kwanza ya mradi.