Nguvu ya Dawa Imo Katika Kipimo

Wakulima wawili waweza kununua mrututu wa namna moja na kunyunyizia kahawa yao siku moja, lakini kahawa ya mmoja ikakingika na kutu ya majani, na ya mwingine ikaungua. Dawa ni ile ile; kilichotofautiana ni kipimo.

Dawa ya Bordeaux, yaani mrututu uliochanganywa na chokaa na maji, yajulikana tangu mwaka 1885, ilipotangazwa na Bwana Millardet, mwalimu wa chuo kikuu cha mji huo wa Ufaransa. Alikuwa ameona kwamba mizabibu ya kando ya barabara, iliyorushiwa mchanganyiko huo ili wapita njia wasiibe zabibu, haikushikwa na ukungu. Viazi na nyanya pia hukingwa kwa dawa hiyo.

Nguvu yake ya kawaida ni sehemu 1 katika 100, maana yake gramu 10 za mrututu katika kila lita ya dawa iliyokamilika. Kwa lita 20 zatakiwa gramu 200 za mrututu na gramu 200 za chokaa iliyozimwa. Asemaye "vijiko vichache" hajapima kitu, kwani kijiko cha mrututu wa unga na kijiko cha mrututu wa chenga havina uzito mmoja.

Katika maabara, mtaalamu hupima chumvi kwa mizani, akaiyeyusha katika maji machache, akaimimina katika chupa yenye alama, akasuuza chombo cha kwanza na kumimina masuuzo humo humo; ndipo huongeza maji mpaka alama. Mkulima naye na afanye hivyo.

Kwanza, yeyusha mrututu kwa maji moto kidogo katika ndoo ya plastiki, kisha ongeza maji baridi mpaka lita 10. Debe la bati halifai, kwa kuwa mrututu hula chuma, na shaba yake hugandia chomboni badala ya kufika shambani.

Pili, koroga chokaa katika ndoo kubwa, ongeza maji mpaka lita 10, na uchuje kwa kitambaa.

Tatu, mimina maji ya mrututu yaliyopoa polepole katika maji ya chokaa, huku ukikoroga.

Mwisho, chovya msumari wa chuma uliosuguliwa ukang'aa, kwa muda wa dakika moja. Ukitoka na wekundu wa shaba, chokaa haijatosha, na dawa hiyo itaunguza majani. Ongeza chokaa kidogo, ujaribu tena.

Dawa itumike siku ile ile, kabla ugonjwa haujaenea, kwa maana hukinga wala haiponyi jani lililokwisha kuharibika. Mabaki yasimwagwe mtoni, kwani huua samaki. Na asiye na mizani asikisie. Aombe kupimiwa katika chama chake cha ushirika.