AES haijavunjwa, ila bloku zinakuchongea

Chukua karatasi uandike WILAYA YA MUSOMA, kisha hesabu herufi pamoja na nafasi. Ni 16. Hiyo ni bloku moja kamili ya AES, ambayo huchukua baiti 16 kwa mkupuo na kuzivuruga kwa ufunguo katika raundi 10, 12 au 14, kutegemea urefu wa ufunguo. (Kaizari, yule wa tamthilia aliyoitafsiri Mwalimu wa Butiama, yeye alisogeza tu kila herufi hatua tatu.)

WILAYA YA BUNDA ni 15, inajazwa baiti moja. WILAYA YA BUTIAMA ni 17, inamwagikia bloku ya pili. Cha kushangaza ni Musoma: imeenea sawasawa, lakini ujazaji wa PKCS#7 bado unaiongezea bloku nzima, ili anayefungua ajue pa kukata.

Sasa tuseme unaandika programu ya zahanati, na kila jibu la kipimo, CHANYA au HASI, unalisimba peke yake kwa mtindo wa ECB. Kwa ufunguo uleule, bloku ileile hutoa matokeo yaleyale. Kila CHANYA inafanana na mwenzake. Mwizi wa faili wala hahitaji ufunguo: akijua jibu la mgonjwa mmoja tu, kayajua ya wote. AES yenyewe iko salama, wagonjwa ndio wameanikwa.

Basi hamia GCM, ambayo pia hugundua faili likichezewa. Kila usimbaji uupe namba yake ya mara moja. Ukiirudia chini ya ufunguo uleule, ulinzi unaporomoka. Na bado kuna mtego ambao wengi hawauoni: GCM haijazi chochote, kwa hiyo CHANYA inatoka na baiti sita na HASI nne. Urefu tu unatoa siri! Andika 1 na 0 badala ya maneno.

Haya yote unaweza kujisomea bila kulipa senti. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, inatoa bure FIPS 197 ya mwaka 2001 inayoeleza AES, na SP 800-38D ya mwaka 2007 kuhusu GCM. Usianze ukurasa wa kwanza. Nenda kwenye viambatisho vya FIPS 197, kuna mfano uliokokotolewa raundi kwa raundi. Fanya raundi ya kwanza kwa kalamu, kisha linganisha.