Kura, Bunduki na Somo la Nakivale

Barabara itokayo Mbarara kuelekea kusini-mashariki hupita katikati ya migomba na malisho ya ng'ombe wenye pembe ndefu, kisha huacha lami na kuteremka hadi kwenye ziwa dogo lililozungukwa na vilima vikavu. Hapo ndipo Nakivale, katika wilaya ya Isingiro, ambayo hadi mwaka 2005 ilikuwa sehemu ya wilaya ya Mbarara. Makazi haya ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi ya zamani kabisa barani Afrika. Yalipokea kwanza Wanyarwanda waliokimbia machafuko yaliyoanza kwao mwaka 1959. Leo humo wanaishi watu zaidi ya laki moja, kutoka Kongo, Burundi, Somalia, Rwanda, Ethiopia, Eritrea na kwingineko, na lugha inayowakutanisha sokoni na kisimani ni Kiswahili.

Tulifika huko kwa kazi ya kawaida ya ofisi yetu. Wakati tukisubiri gari, tuliketi na wazee chini ya mti karibu na maduka ya Base Camp, na mazungumzo yakaangukia siasa. Mzee mmoja wa Rutshuru alisema kwamba alipiga kura mwaka 2006, akapiga tena mwaka 2011 na mwaka 2018, na kura zote tatu hazikumzuia kukimbia mwaka 2022 akiwa amebeba godoro kichwani. Heri enzi za Mobutu, akasema, kwani alau mtu alilala. Mwenye duka mmoja, Msomali, akaafiki: wazazi wake humsimulia kwamba wakati wa Siad Barre mtu alitembea Mogadishu usiku bila hofu. Mama mmoja wa Burundi, aliyeingia nchini mwaka 2015, alinyamaza muda mrefu. Kisha akatugeukia, akatuita afande, akatuuliza swali moja: sisi wenye bunduki humlinda aliyepigiwa kura, au humlinda aliyepiga kura?

Hatukuwa na jibu la haraka. Jioni ile, katika mkahawa mjini Mbarara, tulisikia askari vijana wakisifu maofisa waliotwaa serikali Mali mwaka 2020, Burkina Faso mwaka 2022, Niger na Gabon mwaka 2023. Maneno yao yalikuwa yale yale ya mzee wa Rutshuru, ila wao walikuwa wamevaa sare. Ndiyo sababu tumeona vema kuliandika jambo hili kwa ndugu zetu wa jeshi na polisi. Raia akikata tamaa na kura, anaweza kunung'unika akaenda kulala. Askari akikata tamaa hiyo, silaha i mkononi mwake.

MALALAMIKO YANA HAKI YAKE

Tusianze kwa kuwakemea wanaolalamika, kwa maana historia ya mji huu wa Mbarara inawapa ushahidi. Desemba 1980 Uganda ilifanya uchaguzi mkuu, wa kwanza tangu kabla ya Uhuru wa mwaka 1962. Matokeo yake yalipingwa vikali, na mwezi Februari 1981 vita vya msituni vikaanza. Hata hivyo, mbele ya dunia ilikuwa serikali iliyotokana na kura, yenye Bunge na mawaziri.

Oktoba 1982, chini ya serikali hiyo, viongozi wa mahali katika wilaya ya Mbarara, pamoja na vijana wa chama tawala na askari wa kikosi maalumu cha polisi, waliwaandama watu waliohesabiwa kuwa Wanyarwanda. Miongoni mwao walikuwamo wakimbizi wa zamani, na walikuwamo pia raia waliozaliwa hapa. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakachukuliwa, watu wakauawa. Makumi ya maelfu walikimbilia Rwanda, na makumi ya maelfu wengine wakarudi kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale na Oruchinga. Rwanda ilipofunga mpaka mwezi uliofuata, maelfu walikwama kwenye ukanda mwembamba wa Merama Hill, mbele hakupitiki na nyuma hakurudiki. Vijana wengi waliofukuzwa wakati ule waliingia msituni, na baadhi yao ndio waliovuka mpaka kwa silaha tarehe 1 Oktoba 1990 na kuanzisha vita vya Rwanda. Dhuluma ya wilaya moja ikawa vita vya nchi mbili.

Basi anayesema kwamba kura peke yake haimlindi mtu, asema kweli. Na wakati huu wa vita vingi duniani maneno yake yanapata nguvu zaidi. Tangu Urusi ilipoivamia Ukraine tarehe 24 Februari 2022, bei na misaada imeyumba kila mahali. Sudan imekuwa vitani tangu Aprili 2023. Goma iliangukia mikononi mwa M23 mwezi Januari 2025, na Bukavu ikafuata mwezi Februari. Mgao wa chakula kwa wakimbizi wa Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu mwaka 2020. Mwenye njaa na hofu hutafuta mtu mmoja mwenye sauti nzito atakayesema neno likatendeka.

MTU MWENYE NGUVU ALIPOKUJA

Lakini Mbarara inao ushahidi wa pili, nao unatuhusu sisi wa kambini kwanza. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alipotwaa serikali, umati ulijaa barabara za Kampala kwa shangwe. Watu walikuwa na sababu. Katiba ilikuwa imesimamishwa mwaka 1966, vyama vya upinzani vikapigwa marufuku mwaka 1969, na uchaguzi haukuonekana. Wenye serikali mpya waliahidi kwamba wao ni wa muda tu, na kwamba kura itarudi.

Je, nani waliotangulia kufa? Walikuwa askari. Katika mwaka huo huo wa 1971, askari wengi wa Kiacholi na Kilangi waliuawa makambini na wenzao waliokula nao sahani moja. Kambi ya bataliani ya Simba hapa Mbarara ilikuwa mojawapo. Wamarekani wawili, Nicholas Stroh na Robert Siedle, walikuja mwezi Julai kuuliza habari za mauaji hayo, nao wakauawa. Jaji David Jeffreys Jones aliyechunguza kifo chao aliona kwamba maofisa wa kambi walihusika. Uchaguzi ulioahidiwa haukufanyika, na mwaka 1976 Amin akatangazwa kuwa rais wa maisha.

Kisha vikaja vita vya nje, maana serikali isiyoulizwa na wananchi wake hukosa pia wa kuizuia mpakani. Septemba 1972 wapinzani walioishi Tanzania walishambulia Mbarara wakashindwa. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, yakapora na kuua. Hesabu yake ililipwa hapa: Februari 1979 Jeshi la Wananchi wa Tanzania liliuteka Mbarara, na majengo mengi ya mji yakabomolewa. Tarehe 11 Aprili Kampala ikaanguka. Jeshi lililotisha raia wake kwa miaka minane halikuweza kuilinda nchi kwa miezi sita.

UTULIVU WA MKOPO

Wazee wa Nakivale watatujibu kwamba Mobutu na Barre hawakuwa Amin. Na tuwasikilize, kwa kuwa hawasemi uongo. Somalia ilikuwa nchi ya kupigiwa mfano: mwaka 1967 Rais Aden Abdullah Osman alishindwa uchaguzi na kumkabidhi mwenzake madaraka kwa amani. Lakini uchaguzi wa Machi 1969 ulijaa vyama vingi mno vya koo na rushwa nyingi, na wananchi wakachoka. Oktoba mwaka huo rais aliuawa na mlinzi wake, askari polisi, na baada ya siku sita jeshi likachukua nchi bila kumwaga damu. Watu walishangilia. Mwaka 1972 Kisomali kilipata maandishi rasmi, kikafuata kisomo cha watu wazima. Hayo ni mema yasiyokanushika.

Mwaka 1977 serikali hiyo iliingia Ogaden kupigana na Ethiopia. Urusi, iliyokuwa rafiki yake, ikahamia upande wa pili, na Wakuba wakaja kwa maelfu. Somalia ikashindwa. Nchini hapakuwa na bunge la kuuliza wala gazeti la kusema. Mwaka 1988 ndege za serikali ziliupiga mabomu mji wa Hargeisa, mji wa Somalia yenyewe. Januari 1991 Barre alikimbia, na nyuma yake hapakubaki jeshi wala polisi wala mahakama. Wengi wenu wasomaji mmesimama zamu Mogadishu, ambako askari wa Uganda walifika mwezi Machi 2007. Mmeyaona magofu hayo kwa macho yenu.

Hali kadhalika Kongo. Novemba 1965 wanasiasa walikuwa wakivutana na Mobutu akaahidi kukaa miaka mitano. Alikaa 32. Mwaka 1991 na mwaka 1993 askari wake wasiolipwa mishahara walipora miji, na vita vilipokuja mwaka 1996 jeshi lake lilivunjika likitembea. Majeshi ya nchi jirani, letu pamoja nayo, yalivuka mpaka mwaka 1998, na mashariki ya Kongo haijatulia hadi leo. Mzee wa Rutshuru alilala usingizi wakati wa Mobutu, ndiyo. Lakini usingizi ule ulikuwa wa mkopo, na deni lake ndilo analolilipa sasa Nakivale. Mtu mwenye nguvu hujenga kila kitu juu ya nafsi yake, naye akiondoka huondoka na nyumba.

MFANO WA BURUNDI

Tumebaki na swali la yule mama, na jibu lake twaliona katika nchi yake mwenyewe. Burundi ilimchagua Melchior Ndadaye mwezi Juni 1993, na Oktoba askari wakamwua. Vita vilivyofuata vilidumu zaidi ya miaka kumi. Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000 ulikata shauri kwamba kabila lolote lisizidi nusu ya jeshi, na waliokuwa maadui wakalala bweni moja.

Aprili 2015, Rais Nkurunziza alipoteuliwa kugombea kipindi cha tatu, watu waliandamana Bujumbura. Mara kadhaa wanajeshi walisimama kati ya waandamanaji na polisi, na pale waliposimama watu hawakupigwa risasi. Waziri wa Ulinzi, Jenerali Pontien Gaciyubwenge, alisema hadharani kwamba jeshi halitaelemea upande. Ikawa kama jeshi limejifunza.

Kisha tarehe 13 Mei, rais akiwa mkutanoni Dar es Salaam, Jenerali Godefroid Niyombare alitangaza redioni kwamba amempindua. Kwa siku mbili askari walipigana na askari, na jaribio likashindwa. Vituo vya redio vilichomwa, waziri akaondolewa, jeshi likagawanyika, na yule askari aliyesimama katikati hakuonekana tena barabarani. Ndipo watu walipokimbia kwa malaki. Linganisheni mambo haya mawili. Askari aliyesimama katikati aliokoa watu bila kutwaa kiti cha mtu yeyote. Jenerali aliyetaka kiti, hata kama alikuwa na kinyongo cha haki, alimwondolea raia ngao yake ya mwisho.

KAZI ILIYO YETU

Kwa hiyo tukiwahesabu wakaazi wa Nakivale, tutakuta waliokimbia serikali za kura na waliokimbia serikali za amri. Kinachowaunganisha ni kwamba, kila alikotoka mmoja wao, palifika siku ambapo mwenye sare alikoma kuwa wa nchi, akawa wa mtu, au wa chama, au wa kabila. Siku hiyo ikifika, kura haisaidii, na amri haileti amani.

Katiba yetu ya mwaka 1995, ibara ya 208, yasema jeshi lisiegemee chama, liwe la taifa zima, lenye nidhamu, na litii mamlaka ya kiraia. Tulifundishwa maneno hayo katika chuo cha maofisa, tukayaandika kwenye mtihani, tukapata alama. Mtihani wenyewe huja baadaye: katika kizuizi cha barabarani, katika kituo cha polisi usiku, katika siku ya kuhesabu kura. Hatudai kwamba sisi sote tumeufaulu kila mara. Raia anayemwona askari akimpiga mtu kwa sababu ya rangi ya fulana yake ya kampeni hahitaji mwanasiasa wa kumwambia kwamba kura ni bure. Ameambiwa na sisi.

Wahenga walisema, kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Koleo la kura limevunjika mara nyingi katika eneo letu hili, na yafaa litengenezwe kwa sheria, kwa mahakama na kwa uvumilivu. Mhunzi anayetupa koleo na kushika chuma cha moto kwa mkono hatengenezi jembe, huungua tu, na Mbarara iliungua.

Yule mama wa Burundi tulimwahidi kwamba tutarudi. Tutakaporudi tutamjibu kwamba kazi yetu ni kumlinda aliyepiga kura, yule aliyeshinda na yule aliyeshindwa, hata na mkimbizi asiye na kura kabisa. Iwapo ataliamini jibu hilo si juu yetu sisi tuandikao. Litategemea askari atakayekutana naye njiani kesho.